Alama Unayoificha Nayo Inasomwa

Msimu wa maombi ya vyuo vikuu vya Marekani huanza Agosti na kufikia kilele mwanzoni mwa Januari, na siku hizi unakuja na kitendawili ambacho wazazi wa waombaji hawakukijua. Umefanya SAT au ACT, mitihani ya udahili, alama imetoka, je, uionyeshe au uikalie kimya? Bowdoin, chuo kidogo cha jimbo la Maine, kilifuta sharti la alama tangu 1969, lakini kwa miongo mingi vyuo vyenye mchujo mkali vilivyokifuata vilikuwa vichache. Korona ilipofunga vituo vya mtihani mwaka 2020, karibu vyote viliacha sharti hilo kwa mkupuo, na alama zikawa hiari. Hiari hiyo ikazaa kanuni ambayo leo washauri wa shule, walimu wa tuisheni na wazazi wanairudia bila kuihoji: tafuta alama ya kati ya wanafunzi waliokubaliwa na chuo unachokitaka, linganisha na yako; ikiwa yako iko juu, tuma, na ikiwa iko chini, ficha. Kanuni hii ni rahisi kukumbuka na ina sura ya hesabu, ndiyo maana imeenea. Kwa maoni yangu ni mbovu, na ubovu wake hauwaangukii wote sawasawa. Anayeumia zaidi ni yule ambaye kanuni inadai kumlinda.

Tuanze na namba yenyewe inayotumiwa kama rula. Kila mwaka vyuo hujaza fomu ya takwimu iitwayo Common Data Set, na humo hutaja alama za robo ya chini, za katikati na za robo ya juu za wanafunzi wapya. Msomaji wa haraka huona 1480 akadhani ndiyo hali ya darasa zima. Kumbe hizo ni alama za wale tu waliowasilisha, na fomu hiyohiyo hutaja ni asilimia ngapi waliofanya hivyo. Bahati mbaya, hapo ndipo macho ya wengi hayafiki. Chukua darasa la mfano lenye wanafunzi 100 ambao alama yao ya kati ni 1400. Mwaka wa kwanza wa hiari, walio chini ya 1400 wanashauriwa wafiche. Wanabaki 50 wanaoonyesha, wote wako juu ya 1400, na alama yao ya kati, tuseme, ni 1470. Chuo kinachapisha 1470. Mwaka unaofuata kijana mwenye 1450, ambaye juzi tu angehesabiwa juu ya nusu ya darasa, anaambiwa afiche. Akitii yeye na wenzake, namba itapanda tena. Uwezo wa wanafunzi haujaongezeka hata chembe, ila rula imerefuka. Kanuni inajitengenezea ushahidi wake, kisha inauonyesha ushahidi huo kuwa sababu ya kufuatwa zaidi.

Na hata bila mzunguko huo, kuna jambo lililo wazi kiasi kwamba linashangaza kusahaulika: alama ya kati maana yake ni kwamba nusu ya waliowasilisha na kuandikishwa walikuwa chini yake. Alama zao zilikuwa mezani, zilisomwa, na mlango ukafunguliwa. Wapo watakaosema kwamba nusu hiyo ya chini ni wanamichezo, watoto wa wahitimu wa zamani na watoto wa wafadhili, watu ambao alama haikuwa kitu katika uamuzi wao. Baadhi yao ndio, sikatai. Lakini si wote, na tunajua hivyo kwa sababu kuna chuo kimoja kilichojichunguza hadharani.

Chuo hicho ni Dartmouth. Rais wake, Sian Beilock, alipoingia ofisini mwaka 2023 aliomba maprofesa wa chuo hicho wachunguze athari za sera ya hiari. Watatu walikuwa wanauchumi, Elizabeth Cascio, Bruce Sacerdote na Douglas Staiger, na wa nne, Michele Tine, ni mtafiti wa elimu. Uzuri wa kazi yao ni kwamba waliweza kuziona hata alama ambazo waombaji walikuwa wameziondoa kwenye maombi yao, kitu ambacho mshauri wa shule hawezi kukiona. Waligundua kwamba kulikuwa na mamia ya waombaji kutoka familia na shule zisizo na uwezo, wenye alama za 1400 na kidogo, ambao walipaswa kuzituma na hawakuzituma. Walidhani ziko chini mno. Katika ofisi ya udahili, alama hizohizo zingesomwa kama dalili kwamba mtoto huyu amepanda mlima ambao wenzake hawakuuona, na nafasi yake ya kukubaliwa ingeongezeka. Vijana hao walikuwa wameitii kanuni ya alama ya kati barabara, na utii huo ndio uliowagharimu. Februari 2024 Dartmouth ikatangaza kurudisha sharti la mtihani, ikitaja matokeo hayo miongoni mwa sababu zake.

Kwa nini ofisi ya udahili isome 1400 kama habari njema wakati alama ya kati ya chuo iko juu ya hapo? Kwa sababu alama haisomwi ikiwa uchi. Wahitimu wa sekondari wa Marekani wa mwaka 2024 waliofanya SAT walipata wastani wa 1024 kati ya 1600. Katika shule nyingi za vitongoji maskini na za mashambani, wastani uko chini zaidi ya hapo. Mshauri wa shule anapotuma maombi ya mwanafunzi huambatanisha maelezo ya shule yenyewe: inafundisha masomo gani ya ngazi ya juu, wahitimu wake huenda wapi, na mara nyingi alama zao za kawaida ni zipi. Mwenye 1400 katika shule ambayo wenzake wanapata 1000 amewaacha kwa alama 400. Mwenye 1400 katika shule ya kulipia ambayo nusu ya darasa inavuka 1500 ameachwa nyuma. Namba ni moja, habari mbili zinazopingana. Kwa miaka kadhaa College Board, taasisi inayomiliki SAT, ilitoa chombo kiitwacho Landscape kilichowaonyesha wasomaji wa maombi hali ya mtaa na shule ya mwombaji. Kiliondolewa mwaka 2025, na kuondoka kwake kumeyaongezea uzito maelezo ya shule na sauti ya mshauri. Kanuni ya alama ya kati haina nafasi ya lolote kati ya haya. Inamlinganisha kijana wa shule ya mashambani na mtoto wa Manhattan aliyelipiwa mwalimu binafsi miaka miwili, kisha inamshauri wa kwanza anyamaze.

Hapa ndipo pingamizi kubwa hujitokeza, nalo linastahili kujibiwa kwa heshima: vyuo vyenyewe vimeandika kwamba asiyetuma alama hataadhibiwa. Je, tuwaite waongo? Sina haja hiyo. Nakubali kabisa kwamba msomaji wa maombi anaweza kuwa mkweli na asimkate mtu hata nukta moja kwa kunyamaza kwake. Shida ni kwamba pasipo alama, msomaji hujaza pengo kwa kile anachokijua kuhusu wanaonyamaza kwa ujumla. Wanauchumi Sanford Grossman na Paul Milgrom, kila mmoja kwa njia yake, walilichambua jambo hili mwaka 1981. Muuzaji mwenye mzigo mzuri ana sababu ya kulifungua gunia mbele ya mnunuzi; kwa hiyo gunia lililofungwa hukisiwa kuwa na mzigo hafifu, na mwenye mzigo wa wastani aliyelifunga kwa aibu analipwa bei ya mzigo hafifu. Wahenga walikwisha kusema kimya kingi kina mshindo mkuu, ingawa hawakuwa na ofisi ya udahili akilini.

Texas wamelipatia kisio hilo namba. Chuo Kikuu cha Texas huko Austin kilipotangaza Machi 2024 kwamba kinarudisha sharti, kilieleza kwamba waombaji walioomba alama zao zizingatiwe walikuwa na alama ya kati ya 1420, na wale ambao hawakutaka zizingatiwe walikuwa na 1160. Kilisema pia kwamba, hata baada ya kuzingatia tofauti nyingine kama nafasi ya mwanafunzi katika darasa lake la sekondari, waliowasilisha alama walimaliza muhula wao wa kwanza wakiwa na wastani wa juu kwa nukta 0.86 kwa kipimo cha nukta 4. Sasa jiweke mahali pa kijana mwenye 1350 aliyeambiwa afiche kwa kuwa yuko chini ya 1420. Amejiondoa katika kundi ambalo angekuwa chini yake kwa alama 70, akajitumbukiza katika kundi ambalo yuko juu yake kwa alama 190, na hakuna atakayejua. Hakuna anayemwadhibu, ndiyo. Ameamua tu kufanana na watu ambao hafanani nao.

Pingamizi la pili lina hisia zaidi. Linasema SAT ni kipimo cha mfuko wa mzazi, kwa hiyo kumshauri kijana maskini aonyeshe alama ni kumpeleka kwenye uwanja ambao mechi yake imeshapangwa. Msingi wa hoja hii ni wa kweli. Watafiti wa Opportunity Insights, kundi la Raj Chetty na wenzake wa Harvard, walionyesha mwaka 2023 kwamba watoto wa asilimia moja ya familia tajiri kabisa wana uwezekano mara 13 zaidi ya watoto wa familia zenye kipato cha chini kufikia alama 1300. Pengo hilo ni la aibu kwa nchi yenye utajiri ule. Lakini angalia hoja inakoishia. Ikiwa ni vigumu mara 13 kwa mtoto maskini kufika 1300, basi aliyefika ana jambo adimu mkononi, na uadimu wake ndio unaofanya alama hiyo izungumze. Kumwambia aifiche kwa sababu wenzake wengi hawakuifikia ni kuchukua ushahidi wa dhuluma na kuutumia kumnyang'anya aliyeishinda. Zaidi ya hapo, pasipo alama msomaji hageukii kitu kilicho safi kuliko mtihani. Anageukia insha ambayo mwenye pesa amelipa mhariri aipitie, barua za walimu wenye wanafunzi wachache na muda wa kuandika, safari za kujitolea ng'ambo, na gredi za shule ambazo katika baadhi ya sehemu zimepandishwa mpaka kila mtu ana A. Watafiti wa Opportunity Insights, katika kazi iliyotoka mwanzoni mwa 2024 kuhusu vyuo vya kundi la Ivy na vinavyofanana navyo, walikuta kwamba SAT hutabiri maendeleo ya mwanafunzi chuoni vizuri kuliko gredi za sekondari. MIT nao waliporudisha sharti Machi 2022, mbele ya karibu wote, walieleza kwamba alama huwasaidia kuwatambua wanafunzi ambao shule zao hazina masomo ya juu ya hesabu na sayansi.

Hii haimaanishi kwamba kila alama itumwe. Ningekuwa napotosha kama ningesema hivyo, na kuna hali ambazo kunyamaza ni busara tupu. Vyuo vya Chuo Kikuu cha California haviangalii SAT wala ACT kabisa katika udahili, kwa hiyo hapo hakuna cha kujadili. Kijana wa shule yenye nguvu ambaye alama yake iko chini ya wenzake wa darasa moja, huku gredi zake zikiwa za juu, anaweza kabisa kunufaika kwa kuificha: akiituma anazua swali kuhusu gredi zenyewe. Na mtoto ambaye chuo kinamtaka kwa sababu nyingine, tuseme mpiga makasia au mjukuu wa mfadhili, anakirahisishia chuo kazi kwa kutoileta, maana alama iliyoripotiwa huingia kwenye takwimu zinazochapishwa, na orodha ya U.S. News imekuwa ikizihesabu miongoni mwa vigezo vyake. Tazama sasa kanuni ya alama ya kati inamfaa nani. Inamfaa mtoto wa familia yenye nafasi, mwenye alama ya kadiri na mambo mengine mengi mazuri kwenye maombi. Haishangazi. Washauri walioitunga na kuieneza wengi wao huhudumia watoto kama hao, na kwa watoto hao ni ushauri mzuri. Kosa ni kuutoa katika nyumba ile na kuupeleka kila nyumba kana kwamba wote wanaishi humo.

Kanuni ina ubovu mwingine unaohusu mwombaji mwenye karatasi zaidi ya moja mkononi. Inatazama jumla. Kijana ana 1390, chuo kina 1480, basi. Lakini SAT ni sehemu mbili, kila moja hadi 800, na 1390 inaweza kuwa 780 ya hesabu na 610 ya kusoma na kuandika. Kwa anayeomba uhandisi, 780 hiyo ni moja ya mambo mazuri kabisa katika faili lake, na akiificha ili kuifunika 610 amezika zote mbili. Kuhusu kuchagua vikao, mjadala ni mwepesi kuliko unavyofanywa. Tangu 2009 College Board inamruhusu mtahiniwa kuchagua vikao vya kutuma, na vyuo vingi, MIT kikiwemo, huchukua alama bora ya kila sehemu hata kama zimetoka katika vikao tofauti. Penye utaratibu huo, aliyepata hesabu nzuri mwezi Machi na Kiingereza kizuri mwezi Oktoba atume vikao vyote viwili bila kujitesa. Vipo vyuo vinavyotaka vikao vyote. Huko kinachotakiwa ni kusoma maelekezo yao na kuyatii. Na aliyefanya SAT pamoja na ACT atume ile iliyo bora kwa majedwali rasmi ya ulinganisho. Nzuri zote mbili, atume zote mbili. Nimeyapitia haya haraka kwa sababu hayana ugumu, ingawa ndiyo yanayokula saa nyingi za ushauri.

Palipo na ugumu ni kwa mwombaji anayetoka nje ya Marekani, akiwemo wa Afrika Mashariki. Mpango wa KenSAP, ulioanzishwa mwaka 2004 na mwandishi John Manners pamoja na mwanariadha Mike Boit, umekuwa ukiwaandaa Wakenya waliong'ara katika KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kwa SAT na kwa maombi ya vyuo vya Marekani, na mafanikio ya wanafunzi wake yanajulikana. Lakini wanaoomba bila msaada wa aina hiyo, kutoka Kisii au Mbeya, hupokea kanuni ya alama ya kati kupitia simu zao ikiwa imekatwa ufafanuzi wote. Wanaambiwa: chini ya 1500 usitume. Sasa fikiria faili la msichana mwenye A katika KCSE, au mvulana mwenye Daraja la Kwanza la kidato cha sita, kutoka shule ambayo haijawahi kupeleka mtu katika chuo hicho. Msomaji wa maombi anaweza kuujua mtihani wa taifa, lakini shule hana kumbukumbu nayo, na mwalimu mkuu aliyeandika barua hajawahi kukutana naye. SAT ndiyo rula pekee katika faili ambayo msomaji ameishika mara elfu. Kijana akiiondoa kwa sababu ina 1390, amemwachia msomaji kazi ya kumkisia.

Wapo wanaojibu kwamba mwombaji wa kigeni anayehitaji ufadhili hushindania nafasi chache mno, kwa hiyo kizingiti chake kiko juu na 1390 haitoshi. Kizingiti kiko juu kweli. Vyuo vinavyowapokea wanafunzi wa kigeni bila kuangalia uwezo wao wa kulipa vinahesabika. Ila kizingiti kikiwa juu, mtu huhitaji ushahidi mwingi zaidi, na sioni jinsi kuupunguza kunavyomsaidia kukivuka. Kama 1390 haitoshi ikiwa mezani pamoja na A ya KCSE, haitageuka kutosha ikiwa haipo. Jambo ambalo lingebadili hesabu ni kuwa na ushahidi mwingine wa aina hiyohiyo, na hapa sera zenyewe zina nafasi ambayo haitangazwi vya kutosha. Dartmouth iliporudisha sharti iliruhusu waombaji wanaosoma nje ya Marekani kutumia matokeo ya mitihani ya taifa iliyo sanifu badala ya SAT. Harvard, iliporudisha lake Aprili 2024, iliweka mlango kama huo kwa wale ambao SAT na ACT haziwafikii kwa urahisi. Kwa mwenye mtihani wa taifa ulio imara, swali la kutuma au kutotuma SAT linapungua makali: atume wa taifa kwa hali yoyote, kisha aipime SAT kwa wastani wa nchi yake na wa shule yake kabla ya kuipima kwa wastani wa chuo. Na sehemu ya kusoma na kuandika ikiwa 610 kwa mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, mwalimu anayemwandikia barua aliseme hilo katika aya ya kwanza.